Diski ya Mwalimu Lodio

Mimi sijui kompyuta na sitaki kuijua. Ninauza maziwa ya ngamia hapa soko la Isiolo, huu ni mwaka wa thelathini, na kitu pekee ninachobonyeza ni simu, kuuliza gari la maziwa la Kulamawe limekwama wapi. Lakini kwa habari ya Achuka na diski ya baba yake nina haki ya kuongea. Kati ya kibanda changu na duka lake kuna ukuta wa mbao nyembamba, na kila kilichosemwa upande ule kilipita kwangu kwanza. Watu husema Mama Ikra anapenda mambo ya wenyewe. Mimi sipendi chochote, ni zile mbao.

Achuka ni msichana wa Kiturkana kutoka Kiwanjani, ana miaka ishirini na tano. Duka lake ni la saiba: anatoa kopi, anapiga chapa, anawajazia watu fomu za serikali kwenye mtandao. Ana uvumilivu ambao mimi sikupewa. Mzee akija kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, na hajui mjukuu alizaliwa mwaka gani, mimi ningemfukuza. Achuka humuuliza kama ilikuwa kabla ya ule ukame mkubwa au baada, na kama mto ulikuwa umejaa, mpaka mwaka unapatikana. Tena anaongea polepole, kwa sauti kubwa, akikutazama usoni. Mwanzoni nilidhani ni dharau, nikamwambia mimi si kiziwi. Akacheka, akasema amezoea kuongea na baba yake.

Sasa, chini ya meza yake kulikuwa na mashine moja kubwa, nyeupe ya zamani, iliyogeuka rangi ya meno ya mtafuna tumbaku. Kila siku baada ya adhuhuri, wateja wakipungua, aliiwasha. Ilinguruma kwanza, halafu sauti ya mwanamke ikasema: "Karibu kwenye Kinasa. Tafadhali andika namba yako ya usajili." Achuka akaandika kitu. Ukatoka mlio mbaya, tiii. "Namba si sahihi. Tafadhali andika namba yako ya usajili." Tiii tena. Mara ishirini, mara thelathini. Nilivumilia mwezi mzima, na kwangu mimi kuvumilia ni kazi ya sulubu. Siku moja niliacha jerikeni zangu nikaingia kwake, nikamwambia, "Wewe Achuka, huyo mwanamke mpe anachotaka ama umzime. Ananigandishia maziwa."

Hakucheka. Akasema, "Mama Ikra, mama yangu yumo humo ndani."

Nikatafuta kiti nikakaa.

Akaniambia hivi. Mwaka wa elfu mbili na mbili baba yake, Mwalimu Lodio, alikuwa anafundisha shule moja upande wa Kulamawe. Walimu wengine wote na watoto walikuwa Waborana na Wasomali, Mturkana alikuwa yeye peke yake. Padri mmoja alikuwa ameipa shule hiyo kompyuta. Mwalimu akaenda semina Nairobi, akarudi na gazeti la kompyuta, aina ile iliyouzwa na diski imebandikwa kwenye jalada, ya bure, ya kujaribu. Ndani ya diski kulikuwa na programu iliyoitwa Kinasa, ya kampuni iliyoitwa Korongo. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti na kuipanga masomo, la kwanza, la pili, hivyo hivyo.

Mwalimu akapata wazo. Watoto wa Kiturkana pale Kiwanjani walikuwa wanaingia shule bila neno moja la Kiswahili, wanakaa darasani wakimtazama mwalimu mdomo tu. Likizo ilipofika alimleta mke wake, Akuam, akamketisha mbele ya ile kompyuta, akamnasa akifundisha kuhesabu na majina ya vitu, kwa Kiturkana kisha kwa Kiswahili. Wakafanya masomo kumi na moja.

Lakini huko kujaribu bure kulikuwa kwa siku thelathini tu. Zikiisha, programu inajifunga pamoja na kila kitu ulichonasa, mpaka utume fomu kwa posta, nao wakutumie namba. Mwalimu akatuma fomu. Namba haikuja. Akaandika barua, haikujibiwa. Katikati ya kungoja huko Akuam akashikwa na malaria, hakumaliza wiki. Achuka alikuwa na miaka miwili. Uso wa mama yake anaujua kutoka kwenye picha ya kitambulisho. Sauti hajawahi kuijua. Shule ilipotaka kuitupa ile kompyuta, Mwalimu aliichukua, akaiweka chini ya kitanda chake miaka yote hiyo.

"Baba husema Korongo walimfungia mke wake," Achuka akaniambia. "Mpaka leo mtu akitoka Nairobi, baba humuuliza kama anawajua."

"Na wewe umeikumbuka sasa kwa nini?"

"Masikio yake, Mama Ikra. Daktari amesema moja limekufa na la pili liko njiani. Sasa hivi ananisikia nikipiga kelele karibu. Mwaka ukiisha hatasikia hata hivyo. Nataka amsikie mama kabla hayajafunga."

Nilirudi kwa maziwa yangu, na siku hiyo nzima nilikuwa mkali kwa wateja. Nilitaka kulia na sikuwa na nafasi.

Kuanzia hapo nikaacha kulalamika juu ya ule mlio. Achuka akatafuta. Vijana wa mjini wanaojiita mafundi walijaribu kuivunja ile programu, sauti ikatoka kama kokoto kwenye debe. Wakairudisha saa ya mashine nyuma mpaka mwaka ule wa elfu mbili na mbili, haikudanganyika. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye ganda la diski ilikuwa fupi, ya zamani, haiendi popote. Gazeti lenyewe lilikufa zamani. Akaenda Nairobi kwa basi, akaitafuta ile nyumba iliyoandikwa, akakuta orofa nzima imekatwa vibanda vya nguo. Mwenye kuuza suruali alimwambia yeye ana miaka kumi hapo na hajasikia ndege wala kampuni ya jina hilo. Kwenye mtandao wa serikali, Korongo ilionekana kwa mstari mmoja: imefutwa. Mbali kabisa, Afrika Kusini, akapata mzungu mmoja mzee anayekusanya diski za magazeti kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya soda. Alikuwa nayo ile ile. Namba hakuwa nayo.

Miezi minne ikaisha hivyo. Nilimwona Achuka akikonda. Mchana alikuwa anawasha ile mashine bila kuandika chochote, anakaa tu mbele yake.

Ilikuwa siku ya Jumatatu, sina wateja, jua kali, na yule mwanamke wa kwenye mashine akasema tena, "Karibu kwenye Kinasa." Mimi nikamsikiliza vizuri kwa mara ya kwanza, maana kitu ukikichukia hukisikilizi. Nikasimama nikagonga mbao.

"Achuka. Huyo si mtu wa Nairobi."

"Nani?"

"Huyo wa tafadhali. Huyo ni Mmeru, tena si wa chini, ni wa kule juu kwenye baridi. Sikia anavyoivuta hiyo tafadhali. Nimepimiana viazi na hao watu tangu hujazaliwa."

Achuka akasema labda ni msichana tu waliyemlipa asome. Nikamwambia, labda, lakini msichana naye ana kwao. Nikavuka njia nikamwita Kaari, anayeuza viazi mkabala na mimi. Kaari ni wa Timau, kama mwendo wa saa moja kutoka hapa kwa gari, kule ambako hata mchana watu huvaa sweta. Akaingia akijipangusa mikono kwenye leso, akisema kama ni fomu ya kodi yeye hana habari. Achuka akaiwasha. Mwanamke akasema maneno yake. Kaari akainamisha kichwa.

"Rudisha."

Ikarudishwa.

"Huyo ni Gakii," Kaari akasema. "Gakii wa matangazo. Kanisani kwetu kila Jumapili ndiye husoma matangazo, nani anaoa nani, nani amepoteza ng'ombe. Ni yeye, ila hapo ni msichana."

Achuka aliniangalia, akamwangalia Kaari, halafu akakaa chini sakafuni pale pale, katikati ya karatasi. Nilimwacha akae. Alikuwa ameenda mpaka Nairobi kutafuta mtu ambaye viazi vyake labda alikuwa anavila.

Siku ya pili tukaondoka na pikapu ya Kaari iliyokuwa inarudi tupu. Mimi nilikuwa nimejitayarisha. Sina tabia ya kuficha, nilikuwa nimepanga maneno ya kumpa huyo Gakii, na niliyapanga vizuri njia nzima, huku baridi ikiniingia kwenye mifupa. Tulimkuta shambani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amevaa gamboti, jembe mkononi. Achuka akamwamkia, "Habari ya mchana, mama," akataka kujieleza polepole na kwa adabu kama kawaida yake. Mimi nikaona atamaliza siku. Nikasema, "Wewe ndiwe Korongo?"

Jembe likabaki hewani. Akasema, "Nilikuwa."

Basi nikamwaga yote. Nikamwambia habari ya mtu aliyetuma fomu na barua na hakujibiwa, mke wake akafa, sauti yake ikabaki imefungwa, na sasa masikio yanaziba, na yeye yuko hapa anapalilia. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Karibuni ndani, kuna chai," na mimi hasira yote ikanikauka mdomoni, kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa baridi na chai niliitaka.

Jikoni alituambia. Korongo hakikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa chumba kimoja, yeye na binamu yake, meza mbili. Walilipia programu yao iwekwe kwenye diski ya gazeti wakidhani fomu zitakuja kwa magunia. Zilikuja chache. Mwisho wa mwaka ule wakafunga, binamu akaenda zake, yeye akarudi nyumbani kulima. Barua zilizokuja baadaye hakuziona, sanduku la posta lilikuwa si lake tena. Na ile kompyuta iliyokuwa inatengeneza namba za watu, panya waliimaliza stoo. Namba ilipikwa na mashine kutoka kwa jina la mteja. Namna ya kuipika hakumbuki tena.

Achuka akauliza, kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Kwa hiyo hakuna namba?"

"Namba mpya hakuna. Lakini kila fomu iliyonifikia niliijibu," Gakii akasema. "Kila moja. Nyingine zilirudi."

Akaenda chumbani akatoka na katoni ya mafuta ya kupikia. Ndani yake bahasha kumi na nne, zimefungwa na kamba ya katani. Akasema, "Hizi ndizo zilizorudi. Nimehama nazo mara tatu. Nilijua siku moja mtu atakuja kunigombeza, na nikataka niwe na kitu mkononi."

Nikanywa chai.

Achuka akazipitia. Akazisoma anwani kwa sauti. Eldoret, Voi, Nyeri, Busia. Akazipitia tena kutoka chini kwenda juu. Hakukuwa na Lodio. Bahasha moja tu ilikuwa imeandikwa sanduku la posta la Isiolo, na jina lilikuwa Apaloreng. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Hajulikani hapa, irudishwe.

"Si hii?" nikauliza.

"Hapana," Achuka akasema. "Hilo ni jina la ng'ombe. Mturkana mwenye mifugo huitwa na watu wake kwa dume analolipenda. Apaloreng ni mtu wa dume jekundu. Ni mzee fulani wa malishoni. Baba amelelewa misheni, Mama Ikra. Hana hata kuku."

"Ifungue basi tuone."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia aibe. Huyu msichana hushika vitambulisho na vyeti vya nusu ya mji huu, na hajawahi kusoma mstari usiomhusu. "Ni ya mwenyewe," akasema.

Mimi ningeifungua pale pale juu ya viazi. Lakini haikuwa mikononi mwangu. Gakii akasema tuichukue, kwa kuwa sisi ni watu wa Isiolo, labda wazee watamjua mwenyewe. "Mumwombe msamaha," akasema. "Fomu yangu ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, lile litakalotokea kwenye kioo programu ikifunguka. Watu waliandika walichotaka, na mimi nikaandika hicho hicho juu ya bahasha. Posta wangejuaje."

Tukarudi. Tukaanza kuteremka, joto la kwetu likatupokea. Hapo Achuka akasema, "Nitamwambia nini baba?" Nikamwambia tutajua tukifika.

Kesho yake mchana nilifunga mapema nikaenda naye Kiwanjani, nimebeba lita mbili za maziwa ya ngamia, maana huendi nyumba ya mgonjwa mkono mtupu. Mwalimu Lodio alikuwa ameketi nje, kwenye kivuli cha nyumba, redio juu ya mapaja. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Ni mtu mrefu, msafi, shati limepigwa pasi mpaka la kukaa nyumbani. Nilimsalimia, akaona midomo, akaitikia, "Nzuri, Mama Ikra. Karibu."

Achuka akapiga magoti karibu na lile sikio moja. Akapiga kelele, polepole, maneno moja moja. "Baba. Tumewapata Korongo."

Uso wa mzee ukakaza. "Wako wapi?"

"Timau. Ni mwanamke mmoja. Kampuni ilikufa."

"Mwanamke wa namna gani?"

"Analima viazi."

Mwalimu akafikiri. "Mimi nilidhani wana gorofa," akasema.

Achuka akamwambia kwamba namba haiko. Alilisema mara mbili ili lisikike. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akampapasa bintiye begani, akasema si kitu, ameshazoea. Watu wakisema wameshazoea mimi siwaamini, na yeye sikumwamini.

Ndipo Achuka, ili abadilishe mazungumzo, akatoa ile bahasha kwenye mkoba. "Ametupa barua ya mtu mwingine, tumtafute. Unamjua mzee anaitwa Apaloreng?"

Mwalimu akaichukua. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akasoma wino mwekundu. Akageuza nyuma, akageuza mbele. Kisha akaizima redio.

"Ni nani amewaambia jina hili?"

"Limeandikwa hapo, baba. Unamjua?"

"Ni mimi," akasema.

Achuka akabaki amepiga magoti.

Mzee akaeleza akiitazama bahasha, si sisi. Alipoanza kazi alinunua ndama kwa mshahara wake wa kwanza, dume, jekundu. Alimweka kwa mjomba wake, akawa anakwenda kila likizo kumtazama, kumkuna shingo, kumwimbia kama wenzake walivyowaimbia wa kwao. Halafu akataka kuoa, na wakwe walipowaona mafahali wa mahari wakamtaka yule. Akamtoa. Alitoa kila kitu bila neno, lakini huyo aliendelea kumzungumzia mpaka baada ya harusi. Akuam akamcheka, akasema sawa, ng'ombe yuko kwa baba yangu, jina nitakurudishia mimi. Akaanza kumwita Apaloreng. Walimu wenzake hawakulijua jina hilo, wala majirani, wala kanisani. Lilikuwa la ndani ya nyumba.

"Nilipokuwa naijaza ile fomu alikuwa amekaa hapa," akasema, akiugusa mkono wa kushoto. "Nikaanza kuandika Lodio. Akasema, hilo ni jina la mshahara. Mashine ikifunguka ikusalimie kama ninavyokusalimia mimi. Nikaandika." Akaigeuza bahasha. "Sanduku la posta lilikuwa la shule, na karani wa shule angemjuaje Apaloreng, katikati ya Waborana? Aliirudisha kwa haki. Miaka ishirini na tatu nimewalaani hawa watu, na walinijibu. Mimi ndiye niliyemfungia."

Nilijua akiachwa hapo atakaa hapo. Nikasogea kwenye lile sikio, na sauti ninayo. "Mwalimu, kujilaumu utajilaumu kesho. Leo fungua barua."

Ndani kulikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara mbili, na namba ya tarakimu kumi na mbili. Achuka alikimbia dukani mwenyewe, akarudi na ile mashine juu ya bodaboda, ameikumbatia. Akaiunganisha pale sebuleni. Ikanguruma. Gakii akasema karibu, kama kawaida yake. Achuka akaandika jina, akaandika namba, na safari hii hakukutoka tiii. Kioo kikaandika: Karibu, Apaloreng. Chini yake, masomo kumi na moja.

Mwalimu akavaa visikizio. Achuka akabonyeza, akapandisha sauti mpaka mwisho. Mzee akangoja. Akavibana kwa mikono yote miwili. Kisha akavivua, akavitua mezani kwa uangalifu, akasema, "Nasikia kama upepo."

Haki, moyo uliniuma. Tumetoka mbali kiasi hicho, barua imezunguka nchi miaka ishirini na tatu, tukachelewa kwa miezi. Achuka alikuwa amesimama na uso umekwisha. Mimi nikiumia huwa nakuwa na hasira, na nikiwa na hasira napiga simu. Nikampigia Ridwan, mtoto wa dada yangu, anayekodisha spika za harusi. Nikamwambia alete ile kubwa, ile ambayo watu wa msikiti humgombeza kwayo. Akauliza ni harusi ya nani. Nikamwambia alete tu.

Ridwan na mwenzake wakaibeba mpaka mlangoni, kabati zima. Mwalimu akakalishwa kando yake kwenye kigoda, akalaza kichwa, sikio juu ya kitambaa cha spika. Achuka akaanza somo la kwanza.

Sauti ya Akuam ikatoka, Kiwanjani yote ikasikia. "Apei. Ngaarei. Ngauni. Moja. Mbili. Tatu." Mabati yalitetemeka. Mbuzi wa jirani walikimbia. Wanawake wazee walitoka kwenye nyumba zao, mmoja akajifunika mdomo kwa shuka, maana alimjua. Na mimi nilisimama nimepigwa na bumbuwazi, kwa sababu nilikuwa naijua hiyo sauti. Polepole, kubwa, kila neno limewekwa mahali pake, kama mtu anayekutazama usoni. Ilikuwa ni Achuka akimuuliza mzee kama mto ulikuwa umejaa. Kumbe hakuipata kwa kuongea na kiziwi. Nikamwangalia, naye alikuwa amelijua hilo kabla yangu, machozi yanamtoka na hayafuti.

Somo la kwanza Mwalimu hakuonyesha kitu. La pili pia. Ridwan akapandisha tena. Kwenye somo la tatu, majina ya vyombo vya nyumbani, niliona midomo ya mzee inatembea. Alikuwa nyuma kidogo, neno likipita naye analisema. Kwenye la tano alikuwa pamoja naye. Watu walikuwa wamejaa uani.

Somo la kumi na moja lilikuwa la wanyama. Akuam alifika kwa ng'ombe, na mtoto akaanza kulia karibu naye, kilio cha mtoto aliyechoka. Akajaribu kuendelea, akashindwa, akacheka. Kiturkana nakielewa cha sokoni, na hicho nilikielewa chote. Alisema, "Apaloreng, zima sasa. Achuka analia."

"Sizimi," Mwalimu akasema, kwa kelele, kama viziwi wanavyosema.

Lakini alikuwa ameshaizima, siku ile ile, huko Kulamawe. Ikasikika kitufe, kisha kimya. Achuka akapiga magoti mbele ya mashine, akarudisha somo la kwanza.